Orodha Iliyofunzwa Msiba

Ukitaka kumkosea Laurentia, mwambie kazi ya kuku ni ya kupoteza muda. Mama huyu wa Mkuza, Kibaha, anaongoza wachanjaji saba wanaozunguka vijijini kuchanja kuku dhidi ya kideri, na kazi yake anaijua kama anavyoijua njia ya jikoni kwake.

Mwaka jana alipata aibu moja. Siku ya kuchanja Kurui, kule Kisarawe, ilitangazwa kwenye kundi la simu la wachanjaji, ikafunikwa na salamu, maua ya asubuhi njema na mistari ya Biblia. Hakuna aliyekwenda. Kideri kikapita, na banda la Flaviana, mfugaji wa huko, likabaki na jogoo mmoja. Watu wa Kurui hawakugomba. Walisema tu kwamba wakisahauliwa tena, watatafuta wachanjaji wengine.

Kwenye simu yake Laurentia alikuwa na programu ya orodha ya kazi, ambayo wenzake nao walikuwa nayo lakini hawakuwahi kuifungua. Basi akaiunganisha na kundi, mwenyewe, kwa kusoma maelekezo, kukosea na kurudia siku tatu nzima. Kazi ikifika saa yake, orodha inaibandika kundini pamoja na jina la mhusika. Mhusika akijibu kwamba amemaliza, orodha inaweka alama yenyewe. Asipojibu, baada ya saa mbili inamkumbusha mbele ya wote. Hapo ndipo penye dawa, alisema Laurentia, maana mtu mzima haogopi kazi, anaogopa kuonekana hakuifanya. Miezi miwili hakuna kilichosahaulika, naye akatembea kifua mbele, na ilikuwa haki yake.

Kisha Jumamosi moja alfajiri mama yake Thadeo, mchanjaji aliyewazidi wote umri, akafariki huko Ruvu. Kundi likajaa pole. Na desturi ya kundi hilo ni moja: msiba ukiingia, mpaka mazishi yapite, hakuna anayeandika jambo lingine.

Saa mbili asubuhi orodha ikaandika: "Thadeo, kuchanja Kurui leo." Saa nne ikarudi: "Thadeo, bado hujachanja. Wanakusubiri."

Silas, mchanjaji mwenzao, akapiga simu. "Dada Laurentia, mwambie huyo mtu wako anyamaze."

Laurentia alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi, kidole kikawa tayari kuzima kila kitu. Ndipo akajiuliza ni nani mwingine asubuhi ile aliyekuwa ameikumbuka Kurui. Hata yeye hakuwa ameikumbuka. Akafuta jina la Thadeo, akaandika lake, akafunga deli la chanjo na barafu nyuma ya pikipiki, akaondoka. Jua lilipokaribia kuzama, alikuwa ametia tone la chanjo jichoni mwa kuku mia nne na kumi na wawili, wa Flaviana wakiwa wa kwanza.

Siku ya mazishi alimwendea Thadeo.

"Pole sana, kaka. Na unisamehe kwa zile meseji."

"Kurui walichanjiwa?"

"Wote."

"Basi yameisha, dada. Ila huyo wako hana adabu. Hakufunzwa na mamaye."

"Nitamfunza mimi."

Akamfunza. Siku hizi msiba ukitangazwa kundini, mashine haifungui mdomo humo. Kazi za siku hizo, za mfiwa zikiwemo, zinakwenda kimyakimya kwa Laurentia, naye anazigawa kwa kupiga simu na kuzitia alama zikiisha. Na kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kwamba hatafiwa, akaweka na jina la Thadeo wa kuzipokea, endapo mfiwa atakuwa Laurentia mwenyewe.

Mwezi wa sita baba yake Laurentia akafariki. Siku nne hakugusa simu. Ya tano, waombolezaji walipotawanyika, akaifungua orodha huku amejiandaa kuona kazi zilizolala. Mkuza, tayari. Ruvu, tayari. Kurui, tayari, kuku mia tano na watatu, Thadeo. Kundini hapakuwa na neno lolote ila pole. Laurentia alilia palepale, kwa mara ya kwanza tangu wamzike baba yake.