Gurudumu la Behewa la Nne

Mzee Nyundo aligonga magurudumu ya treni kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kusafiri nayo hata kituo kimoja. Majirani walisema ni ubahili. Majirani nao! Alijua mno mambo ya chini ya sakafu, kule ambako abiria mwenye tiketi yake hana habari nako.

Leo alikuwa na tiketi mbili mfukoni na mkewe ubavuni, kwenye chumba cha kungojea, saa tisa na nusu alasiri. Feni ilizunguka kivivu. Mfanyabiashara mnene alikoroma juu ya mizigo yake, mdomo wazi. Kitinda mimba wao, aliyeolewa kule mwisho wa reli, angepasuliwa kesho saa nne asubuhi ili ajifungue. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa vibaya, na daktari hakuficha kwamba damu inaweza kuwa nyingi. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Treni ilikuwa hii moja tu, iondoke saa kumi, ifike alfajiri.

"Nimemwahidi nitamshika mkono kabla hajaingia," mkewe alisema. Ilikuwa mara ya sita tangu asubuhi.

"Utamshika, mama watoto."

Hapo nyundo ikaanza kule nje. Mzee aligeuza sikio la kushoto dirishani bila kujijua. Gurudumu zima huitika kwa mlio mrefu, kama kengele. Lenye ufa hukata sauti papo hapo. Ngiii. Ngiii. Behewa la kwanza safi. La pili safi, la tatu safi. La nne, gurudumu la kwanza, ngiii. La pili, dob.

Nyundo ikasita. Kisha ikaendelea na lililofuata, ngiii, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umesikia?" alimuuliza mkewe.

"Nimesikia nini?"

"Hakuna kitu."

Alikuwa na sababu ya kusema hakuna kitu. Mwaka juzi alisimamisha treni kwa saa tano kwa ajili ya mlio kama huo. Gurudumu likatolewa, likapimwa, halina hata mkwaruzo. Meneja akamwambia mbele ya mkutano mzima, "Mzee, kengele yako iko kichwani," na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akapelekwa kupimwa, ikaonekana sikio la kulia limekufa nusu nzima. Wakampa saa ya ukutani na barua ya kustaafu. Sasa akajiuliza: Je, ni gurudumu, au ni yeye? Akisema na isiwe kweli, atamnyima binti yake mama saa anayomhitaji kuliko zote. Akinyamaza na iwe kweli... Hakutaka hata kuimalizia fikra hiyo.

Alisimama. "Naenda msalani."

"Sasa hivi? Watatuita!"

"Kibofu hakina ratiba, mama watoto."

Mgongaji alikuwa mwishoni mwa treni, akiifuta nyundo kwa kitambaa, ovaroli imejaa grisi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye mzee alimfundisha kazi kwa miaka sita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Behewa la nne, gurudumu la pili."

Hakuuliza lina nini. "Liko sawa, mwalimu. Nimeshatia sahihi."

"Sikuuliza umetia nini. Nauliza umesikia nini."

Mwanamke aliangalia upande wa ofisi, kisha akaangalia chini. "Wewe unasafiri na hii?"

"Mimi na mama yako."

Uso ulimbadilika. "Nimesikia," akasema kwa sauti ndogo. "Nimesikia vilevile ulivyosikia wewe. Lakini siku ile mkutanoni nilikuwepo, mwalimu. Nilicheka na mimi. Nina watoto watatu. Nikisimamisha treni halafu lionekane zima, kesho ni zamu yangu kupewa saa ya ukutani."

Hasira ilimpanda mzee, ikashuka, ikabaki hofu tupu. Aliwahi kuona gurudumu lenye ufa likitembea miezi mitatu bila neno. Aliwahi pia kuona jingine ambalo halikufika darajani, na yeye ni mmoja wa waliotumwa kuokota. Viatu ndivyo vilivyokuwa vingi.

"Nipe hiyo nyundo."

Alichuchumaa kando ya behewa la nne, akaligonga. Dob. Akagonga tena. Dob.

"Twende ofisini," akasema. "Nitasema ni mimi. Mimi wameshanimaliza."

"Hapana, mwalimu. Sahihi ni yangu." Mwanamke akachukua nyundo yake, akatangulia, akitembea haraka kama mtu anayeogopa kubadili mawazo.

Robo saa baadaye spika ilikohoa, ikatangaza: behewa la nne linatolewa, na injini ya kupanga mabehewa imetoka, haitarudi kabla ya muda wa saa sita, treni itaingoja. Chumba kizima kikalipuka. Mfanyabiashara aliamka na kumlaani aliyehusika pamoja na ukoo wake. Mzee Nyundo alipita katikati ya laana hizo mpaka kwa mkewe, ambaye alikuwa amesimama, mkoba begani, tayari kupanda.

"Ni wewe," mkewe akasema.

"Ni mimi."

"Una hakika?"

Alitamani kusema ndiyo. "Tumesikia wawili," akajibu.

Mkewe hakupiga kelele, na mzee angependa apige. Alikaa, akatoa simu, akabonyeza. "Mwanangu, nisikilize. Tutafika mchana. Ndiyo. Ndiyo, watakuwa wameshakuingiza." Kisha akainyoosha simu, bila kumtazama mumewe. "Mwambie mwenyewe."

Mbele ya mkuu wa stesheni mzee alikuwa amesimama wima, hakubabaika. Simu hii aliipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu."

"Naogopa, baba."

"Hata mimi naogopa, mwanangu," akasema, na wakakaa hivyo, simu ikila salio, hakuna aliyetaka kukata.