Nilimwambia Mzee Awapeleke Ng'ombe

Usinitafutie kisingizio, rafiki yangu. Nilionywa, nikapuuza.

Mimi ndiye ninayesimamia barua pepe za ushirika wetu wa wafugaji huku Karagwe. Fundi wa kampuni inayotunza tovuti yetu alinipigia akaniambia jina letu la kikoa, yaani lile linalofuata alama ya @, halina ulinzi. Mtu yeyote anaweza kutuma barua ikaonekana imetoka kwetu. Akataka tukae aweke mipangilio ya kukataa barua za kughushi.

Nikamjibu kwamba wafugaji hawana siri za kuibiwa. Nilicheka kabisa!

Kiangazi kilipoingia, akanipigia Mzee Kamuhanda, kiongozi wa kikundi chetu cha Kyerwa. Nikamwamkia. Akasema amepata barua pepe yetu: kuna chanjo ya dharura, ng'ombe wote wafikishwe alfajiri kwenye josho la zamani, daktari wa mifugo atakuwepo.

"Mwanangu, hii ni yenu kweli?" akaniuliza. "Lile josho limeachwa siku nyingi."

Nikaomba anitumie picha. Nikaitazama anwani herufi kwa herufi. Ilikuwa yetu. Nikadhani mwenyekiti kaituma bila kuniambia, na hata kumpigia nikaona uvivu.

"Ni yetu, mzee. Wapeleke."

Mzee na wenzake walikuta malori na wanaume waliovaa makoti meupe. Wakaambiwa wakae mbali kwa sababu dawa ni kali. Ng'ombe wakapakiwa mmoja mmoja. Mzee aliposogea kuhoji, wakampiga rungu la kichwa.

Ng'ombe hawajaonekana mpaka leo. Mzee yu hai, ila ulimi umekuwa mzito na mkono mmoja hauinuki.

Nilipokwenda kumwona, mkewe alinikaribisha maziwa aliyoomba kwa jirani. Kisha akaniuliza taratibu, "Ni wewe uliyemwambia awapeleke?"

Nikaitikia kwa kichwa. Maziwa yalinishinda.

Ulinzi tumeuweka sasa. Barua za kughushi zinakataliwa, na kila asubuhi naletewa ripoti ya waliojaribu kutumia jina letu. Kuna mtu hajaacha. Jana kajaribu tena.

Wewe unayeshika barua pepe za shule, zahanati au kanisa lenu, uliza leo kama jina lenu limelindwa. Huyo ninayemwona kwenye ripoti, akichoka na letu, atatafuta la nani?