Mkono wa Shati Usiokwisha

Fundi cherehani wa mtaa ule aliitwa Bwana Sawa, na jina lilimkaa barabara. Ukimpelekea suruali jioni ukaitaka asubuhi, alikuambia sawa. Ukimpelekea pazia kuukuu ukamwambia alifanye koti, alilitazama pazia, akakutazama wewe, akameza mate, kisha akasema sawa.

Usingizini alikuwa mtu mwingine. Mkewe alisema anapiga kelele, anarusha mateke, anabishana. Lakini yeye akiamka hakumbuki hata chembe. Ndoto zake alisimuliwa na mkewe wakinywa chai, naye alizisikiliza kama habari za nchi ya mbali.

"Leo ulikuwa unaongea na paa," mkewe alimwambia asubuhi moja, uso mkavu. "Likakulalamikia kwamba linavuja, tena upande wangu wa kitanda."

"Upande wako hasa?"

"Ndivyo lilivyosema, baba watoto. Mimi nipo nipo tu."

Akapanda juu, akaziba. Baadaye, kwa taarifa ya mkewe, aliota kuku aliyevaa miwani akimwagiza apake rangi jikoni, akapaka. Halafu akaota marehemu babu yake amekuja na ujumbe mfupi: mama mkwe aletwe akae nao mwezi mzima. Hapo Bwana Sawa akakuna kichwa. Babu na mama mkwe, enzi za uhai wake, hawakupikika chungu kimoja.

Alikwenda kwa kinyozi, jirani yake wa duka, mtu mwenye jibu la kila kitu.

"Ndoto ina mkia kama mjusi," kinyozi alimwambia. "Ukigeuka tu kitandani, mkia unabaki na wewe, mjusi katokomea. Ukiamka usifumbue macho, usijikune, usiitike hata ukiitwa. Vuta pole pole mpaka mwili wote utoke."

Basi Bwana Sawa akaanza kuamka bila kuamka. Asubuhi ya kwanza alilala kama gogo huku mkewe akimwita, akimtikisa, akimnyunyizia maji, mwishowe akaita majirani. Walikuwa wameshaanza kubishana nani apige simu kwa ndugu zake aliponyanyua kidole kimoja.

"Mmenipotezea," akasema kwa uchungu. "Nilikuwa nimeshaushika mkia."

Ndoto ilinaswa siku ya mapumziko, nyumba ikiwa imetulia. Alikuwa anashona mkono wa shati, na mkono ukawa unarefuka. Ukatoka nje ya mlango, ukakata kona, ukapita katikati ya soko, naye akiufuata na cherehani mgongoni, anashona huku anatembea. Watu wanampisha kwa adabu zote. Mbele kabisa, kiganja kilichungulia kwenye ncha ya mkono ule na kusema, kwa sauti ya mwenyekiti wa kamati ya harusi, mteja wake mkubwa: "Ongeza kidogo." Bwana Sawa akapiga ukelele: "Inatosha!"

Akafumbua macho. Mkewe alikuwa pembeni anakunja nguo.

"Mama watoto, niambie kweli. Huwa nasema nini usingizini?"

Mkewe akaiweka chini nguo aliyoishika. "Inatosha. Neno hilo tu. Inatosha, inatosha, mpaka kunapambazuka."

"Na kuku wa miwani?"

"Kuku ni wangu."

"Na babu yangu?"

"Babu alikuwa mtu mwema. Nilijua hatakasirika."

Bwana Sawa alijaribu kukasirika, ila hakuwa na mazoea. "Kwa nini usiniambie tu kwamba paa linavuja?"

"Nilikuambia mwaka mzima. Ukasema sawa."



Kesho yake mwenyekiti wa kamati aliingia dukani na koti lake la harusi. Koti lile lilikuwa limepanuliwa kwa sababu atakula, likapunguzwa kwa sababu ameamua kutokula, likapanuliwa tena kwa sababu uamuzi ulimshinda. Sasa alitaka mfuko ndani ya mfuko.

Fundi akaweka mkasi chini. "Inatosha," akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema inatosha, mzee. Koti limekamilika. Tukiongeza mfuko utakuwa umevaa begi."

Kinyozi akatokeza mlangoni, na nyuma yake mteja mwenye ndevu upande mmoja. Mwenyekiti akajigeuza mbele ya kioo, akajitazama ubavu huu, akajitazama ubavu ule.

"Kwa hiyo limenikaa?"

"Limekukaa."

"Sasa mbona hukuniambia siku zote hizo? Unanichosha bure, fundi!" Akaondoka na koti lake, akipiga mluzi.

Bwana Sawa alibaki amekaa. Kisha akavuta bakuli la chakula alilofungiwa na mkewe, akafunua. Kilikuwa bado cha moto. Akakila chote taratibu, huku wateja wakisubiri nje.