Msimu Bibi Alipojifunza Baridi

Sikufichi, mwezi huu sikaliki. Nakaa, nainuka. Nafungua friji bila kutaka kitu, naifunga. Mume wangu ananiambia nimekuwa kama mtu anayesubiri basi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tumeshakata tiketi za Uskoti, sisi na watoto, twende tukapande vilima, tuendeshe baiskeli na tupige makasia ziwani, tuukimbie huu moto wa Maskati unaokushika koo ukifungua mlango tu. Nimenunua viatu vya kupandia milima, na kwa kuwa nje hakutembeleki navilainisha humu humu ndani, hapa Ansab, jikoni mpaka ukumbini, ukumbini mpaka jikoni. Jana, katika kuzunguka huko, nikahisi kama bibi yangu yuko nyuma yangu, anahema, ananiambia nisimsubiri.

Ngoja nikusimulie, maana wewe hukumjua bibi.

Tulikaa mtaa wa Darsait, hapa hapa Maskati, wakati huo, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa mipira ya magari. Nyumba yetu ilinuka mandazi ya mama na mpira wa gari kwa pamoja, na mpaka leo nikipita gereji njaa inaniuma. Kiarabu tulikisema shuleni na dukani; tukifika mlangoni tulikivua pamoja na viatu, tukaingia na Kiswahili cha Unguja, kwa sababu bibi hakutaka kujibu kingine akiwa kwake. Viyoyozi vilinguruma mchana kutwa. Sisi watoto, shule zikifungwa, tulikuwa kama kuku waliofungiwa, na bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka wake karibu na dirisha, anachambua mchele, miaka nenda miaka rudi. Safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda kwa jirani wa mlango wa pili kunywa kahawa.

Bibi alikuwa na mdogo wake mmoja tu. Sisi tulimwita bibi wa Uskoti, ingawa hatukuwahi kumwona isipokuwa kwenye picha, mwanamke mwembamba mwenye koti la mvua na mtandio, anacheka peke yake juu ya jiwe. Aliondoka Unguja akiwa msichana kwenda kusomea uuguzi Uingereza, akaolewa huko, akabaki. Siku aliyoondoka, bibi alikasirika mno hata asende kumuaga. Alijifunika shuka gubigubi akakataa kuinuka, akamsikia mdogo wake akisimama mlangoni, akamsikia akienda zake. Baadaye watu wetu wakahamia Maskati, na kila kiangazi ilipangwa mmoja amfuate mwenziwe, na kila kiangazi kikavunjika, mara mume wa huyu mgonjwa, mara mume wa yule. Walipokuwa wajane wote wawili ndipo njia ilipofunguka.

Kila Ijumaa baada ya sala walipigiana simu, na bibi akipiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Bibi wa Uskoti alikuwa na hadithi moja, ya kutembea. Huko kila mtu anatembea, mvua inanyesha wanatembea, wazee kuliko sisi, dada, wanapanda vilima na fimbo zao. Kulikuwa na kilima nyuma ya nyumba yake ambacho tulikijua kama tunavyoijua ngazi yetu, kuna geti la mbao, kuna kijito, kuna kondoo wasioogopa watu, halafu juu kabisa unaliona ziwa lote.

Baba alipoleta habari kwamba viza imetoka alisema maneno ya mtoto mwema. "Mama, unakwenda kupumzika sasa. Ukae kwa mdogo wako, unywe chai, uangalie mvua."

Bibi aliuweka ungo chini. "Nnakaa tokea wewe, mtu mzima, hujazaliwa. Alipoondoka yule mtoto nilikuwa nimekaa. Sasa nikifika kwake, yeye apande kilima chake mie nibaki dirishani? Sibaki."

Hayo ndiyo yalikuwa yote. Alitaka apande kile kilima ubavuni mwa mdogo wake, na kwa miguu ile iliyovimba kila magharibi, hakuna aliyemwamini.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri aliniamsha. Alinichagua mimi kwa sababu sikuwa na utulivu, na alisema mtu wa namna hiyo lazima awe na kazi. Alikuwa amevaa raba nyeupe zilizonunuliwa madukani Ruwi, kanga ameifunga kiunoni juu ya gauni, buibui amelikunja mkononi. Nyuma ya majumba yetu palikuwa na jabali, jiwe tupu la rangi ya kahawia lisilo hata jani, na juu yake kijia cha mbuzi. Hata alfajiri lile jiwe lilikuwa na joto la jana. Mara ya kwanza hatukufika hata pale penye tangi la maji. Alishika kiuno, akahema, akaniambia, "We nenda mbele. Ukinisubiri nitajua kuwa nimechoka."

Basi nikaenda mbele, na kila asubuhi nikisikia nyuma yangu raba zake na *astaghfirullah* zake. Wanawake wa mtaani walimcheka, wakamuuliza kama ameandikishwa jeshini. Mama alimchua magoti kwa mafuta ya karafuu, ila aliisugua ile miguu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika. Nyumba nzima ikaingiwa na wahka. Bibi akawa hawezi kukaa kula. Alisimama na kikombe chake cha chai, akazunguka meza. Mchele ukawa unachambuliwa na baba.

Tangi la maji tukalipita. Ikabaki baridi.

Baba aliazima koti kutoka kwa mwenzake wa kazini aliyesoma Ulaya, zito, la rangi ya majivu, linamfika bibi vifundoni. Lakini nani angejua kama linafaa? Ukilivaa Darsait unajua jambo moja tu, kwamba utazimia. Chini yetu alikaa jirani Mkenya, mtu wa Limuru, huko kwao milimani kwenye baridi, aliyekuwa akifanya kazi Ghala, mtaa wa viwanda, kwenye kampuni ya kuhifadhi samaki na kuku wa barafu. Alipanda siku moja kurudisha sahani ya mama, akamkuta bibi amelivaa lile koti mbele ya kiyoyozi.

"Mama, hiyo baridi ni ya watoto," alisema. "Kuja Ghala nikuonyeshe ya ukweli. Tutajua kama hiyo ni koti ama ni mapambo."

Tukaenda, bibi, baba na mimi. Barabara ya Ghala ilikuwa inatoa mvuke, mafundi wamelala chini ya malori kutafuta kivuli. Jirani akavuta mlango mzito kama wa benki, tukaingia katika chumba cha nguru na kuku, na nikaiona pumzi yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nimevaa masweta mawili na blanketi. Pua iliniwasha. Niliipenda baridi ile papo hapo, nikataka kukimbia, nikataka kulamba ukuta. Jirani alimvutia bibi kreti akae.

"Kukaa hata maiti anakaa humu," bibi akasema. "Nnataka kujua kama nitatembea."

Akatembea. Alikwenda mpaka mwisho wa ule ujia uliopangwa maboksi pande zote, akageuka, akarudi, akaenda tena, midomo inatetemeka anasoma Yasin. Baba alisimama karibu na mlango, mikono kwapani, na nadhani siku ile ndiyo aliyoanza kumwamini. Mwishowe jirani akamkinga njia. "Mama, khalas, imetosha. Wewe sasa ni mtu wa Limuru." Tulipotoka miwani ya bibi ikafanya ukungu, akawa haoni, akacheka huku amenishika bega, na tukanywa chai ya tangawizi kutoka chupani kwenye kivuli cha kontena. Tulirudi Ghala tena na tena kiangazi kile. Kwa miaka mingi niliamini kuwa Uskoti inanuka samaki.

Kilichombakia ni sala ya Isha. Alikuwa amesikia kuwa huko kiangazi usiku hauingii vizuri, akamuuliza mdogo wake kwenye simu anaswali saa ngapi. "Nasubiri, dada," tulisikia sauti nyembamba. "Nasubiri mpaka macho yananiuma." Bibi akasema watasubiri wote wawili.

Wakaondoka yeye na baba, mimi nikabaki, na sijui kama umewahi kuwa mtoto aliyemfundisha mtu safari akaachwa. Nilipanda jabali peke yangu nikiwa na hasira, nikashuka nikiwa na hasira. Nilimuuliza mama mambo ambayo hakuyajua. Likizo ya baba ilipokwisha alirudi bila bibi, akakaa ukumbini na kutuhadithia, mimi nimesimama, kukaa nisiweze.

Alisema walifika kuna manyunyu, na bibi wa Uskoti alikuwa anawangoja njiani, kwenye ukuta wa mawe, ameegemea magongo mawili. Nyonga yake ilikuwa imekufa. Kile kilima alikuwa hajakipanda tangu mwaka wa nyuma. Alikuwa anakiangalia kutoka jikoni na kutuhadithia kila Ijumaa, kwa sababu aliogopa akisema kweli dada yake atakuja kwa kumhurumia, au hatakuja kabisa. Baba alisema walikumbatiana kwa muda, wakaingia ndani. Asubuhi bibi alivaa koti lake la majivu, akachukua na la mdogo wake.

"Vaa."

"Dada, mimi siwezi tena."

"Mie naweza. Nishike mimi."

Siku ile walifika kwenye boksi la posta. Baba alikuwa akiwatazama dirishani, akasema bibi ndiye aliyekuwa anatangulia hatua moja, anasimama, anangoja, na hakuonyesha hata kidogo kuwa anangoja.

Alikaa huko mpaka viza ikamalizika. Zile simu za Ijumaa zikageuka; sasa sisi ndio tuliopiga kelele, tukiuliza wamefika wapi. Leo kanisani. Leo darajani. Leo mpaka kwenye geti la mbao, tumewaona kondoo, hatukupanda. Hawakupanda. Bibi alirudi Maskati kumeanza kupoa, amekonda, mashavu mekundu, na kabla ya kiangazi kingine simu ikaja kwamba mdogo wake amefariki. Nilikuwepo. Bibi aliiweka simu, akakaa kitandani, akasema, "Nimetembea naye." Nililia sana siku ile, na sikuwa nalia kwa ajili ya mtu ambaye sikumjua.

Bibi naye ametutoka zamani. Jirani alirudi kwao Limuru. Lile jabali wamelikata kupitisha barabara, na ghorofa yetu ina watu wengine ambao madirisha yao sasa yana mapazia mazito. Wanangu wananijibu Kiingereza, nami nimechoka kugombana nao. Siku za Ijumaa simu yangu inalia kwa picha za maua na dua zilizotumwa na watu kwa watu wote kwa mpigo mmoja.

Juzi nilimpigia mama kumwambia tunakwenda Uskoti. Alifurahi. Akaniuliza swali wanaloulizana watu wetu kabla ya kuuliza hata nauli.

"Mnafikia kwa nani?"

Nikamwambia hatufikii kwa mtu, mama, tumekodi nyumba ndogo karibu na ziwa, nzuri, ina kila kitu.

"Na ni nani atakayekufungulieni?"

Nikamweleza kuwa mlango una namba. Wenyewe wametutumia kwenye simu, tunabonyeza, tunaingia. Nikasikia kiyoyozi cha mama kikinguruma upande wa pili. Kisha akaniomba nimtajie hizo namba, ili naye azijue, awe anatufungulia huko aliko.