Papa na jenereta mu rekodi ya korali

Leo nimemufuta Papa mu korali! 😂

Tuko na rekodi moja ya kwetu Kalembe, ya mbele tukimbie vita. Korali inaimba, jenereta inanguruma nyuma. Papa, mwenye aliimba mule na sauti nzito, anaisikilizaka kila dimanche, siku ya kanisa.

Basi nikaongeza ku kompyuta, mu ile lecteur yenye kupigaka muziki, kaprograme ka kuondosha makelele.

Nikaita famille yote. Nikabonyeza.

Jenereta, kimya! Tukapiga makofi.

Papa akaweka sikio ku baffle yenye kutoa sauti. "Na miye niko wapi?"

Kaprograme kalifikiri Papa naye iko jenereta! Mama akacheka mpaka akaketi chini.

Papa, na hasira: "Rudisha makelele yote! Miye niko mule ndani!"

Wenye muliimba naye, museme kweli: alikuwa anaimba, ao alikuwa ananguruma?