Uweso na Dizeli ya Bwana Idarusi

Lau dharau ingekuwa nazi, Uweso peke yake angetosha kuilisha Pangani mchuzi mwaka mzima. Aliwadharau wavuvi kwa kuwa wananuka samaki, wakulima wa Maramba kwa kuwa wananuka moshi, na Wazungu wa mashamba ya mkonge kwa kuwa wanatembea jua la utosi huku vivuli viko bure. Madereva wa petroli hata salamu hakutaka kuwaitikia. Alisema mtu anayeendesha petroli ni sawa na mtu anayeishi kwa uji. Yeye aliendesha dizeli.

Na dizeli yenyewe si yake. Ilikuwa ya Bwana Idarusi, mfanyabiashara wa mbata, mwenye malori mawili na shamba la minazi kule Ushongo, ng'ambo ya mto. Miaka ile ya hamsini gari dogo la dizeli lilikuwa kitu cha watu kutoka nje kuja kutazama, na Bwana Idarusi alilinunua kwa sababu aliambiwa halili mafuta mengi. Uweso aliliendesha kiwiko kikiwa dirishani na kofia ya kiua imelazwa upande, akipiga honi hata pasipo na kuku. Akirudi nyumbani, mkewe Saleha hakuwa na budi kusikiliza habari za injini mpaka wali upoe.

Kabla ya hapo alikuwa nani? Mwana wa fundi kalafati. Babake na babu yake walimaliza umri wao chini ya matumbo ya vyombo vilivyopandishwa pwani, wakisindilia pamba iliyolowekwa mafuta ya papa kwenye nyufa za mbao, kwa nyundo na ile patasi butu iitwayo chembeu, ili maji yasiingie. Kazi ya heshima, na ya kunuka. Uweso aliifanya mpaka ndevu zikamwota, kisha akaiacha, akajifunza udereva kwenye lori la shamba la mkonge, akapata leseni, na tangu siku ile akawa hapiti pwani kwa miguu, asije mtu akamkumbusha. Lakini mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mikono yake haikusahau kitu.

Siku moja ya bamvua, akitoka Ushongo, pantoni ilipigwa na mawimbi hata nyuma ya gari pakafunikwa. Maji ya chumvi yakaingia kwenye tangi la mafuta. Gari likakohoa, likazima, likavutwa na lori hadi Tanga kwa Manase, Mshambaa mwenye gereji pale Ngamiani. Manase akamwaga mafuta yote, akaifungua pampu, akaisafisha, akairudisha. Bwana Idarusi naye akamgombeza Uweso mbele ya wapakizi wa mbata.

"Dereva gani wewe? Maji yanaingia, unatazama tu!"

Maneno hayo yalimchoma Uweso kuliko kofi. Yeye, wa ukoo ule, kuambiwa ameachia maji yaingie! Akaenda kukichunguza kifuniko cha tangi, akakuta kijitundu katikati, kiasi cha kupita sindano. Akacheka peke yake. Wazungu hawa bwana! Mtu anatengeneza kifuniko, halafu anakitoboa mwenyewe. Akaitoa chembeu ya marehemu babake uvunguni, akachambua pamba, akailoweka, akakiziba kile kitundu kwa subira yote ambayo binadamu wenzake hawakuwahi kuipata kwake. Kisha akauzungushia pamba ukingo mzima wa kifuniko, akakikaza, akakimwagia ndoo ya maji. Halikupita tone. Hakumwambia mtu, maana aliona ufundi hauelezwi kwa wajinga.

Sasa, kile kitundu hakikutobolewa kwa upumbavu. Mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi hujibana, na pampu hata iwe mpya huvuta mpaka ichoke. Mama yeyote anayemimina mafuta ya taa kutoka kwenye debe anajua kulitoboa matundu mawili. Uweso hakujua, kwa sababu kumimina mafuta aliona ni kazi ya watu wadogo. Tangi lake lilijazwa na mlinzi wa ghala, huku Uweso akisimama mbali asichafue kanzu.

Safari fupi za Ushongo hazikuwa na neno. Ya Tanga ndiyo iliyoleta fedheha. Akikaribia Kigombe gari lilianza kulegea, likaishiwa nguvu kwenye kilima kisichozidi tuta la viazi, mwisho likasimama. Akikaa kando ya njia, hewa ilipenya kidogo kidogo, gari likawaka na kwenda vizuri, halafu huko mbele likarudia. Tena likijazwa mafuta mpaka mdomoni liligoma mapema, na likiwa na nusu tangi, nusu hewa, lilivumilia. Mtu mwenye kichwa angejiuliza kwa nini. Uweso hakujiuliza, alitoa hukumu: gari halipendi shibe, na Manase ameharibu pampu.

Mara mbili alilipeleka Ngamiani. Kila mara lilisubiri uani mpaka zamu yake, na kufikia hapo tangi lilikuwa limekwisha kupumua. Manase, pande la mtu, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri aliyefungua boliti huku akiimba sauti ya nne, naye alikuwa na dharau zake. Alifungua kifuniko bila kukitazama, macho yako kwa Uweso, akachovya kijiti kupima mafuta, akawasha, akasikiliza. Pamba yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, rangi moja na chuma.

"Gari zima hili, mghosi," akasema, akimwita bwana kwa Kishambaa. "Kibovu ni hicho kinachokaa nyuma ya usukani."

"Pampu umeikoroga wewe," akajibu Uweso. "Nyie wa mlimani mnajua ndizi na viazi. Dizeli nani kawafundisha?"

"Na wewe nani kakufundisha? Papa?"

Uweso aliondoka kwa hasira, na gari likamzimikia tena njiani, mbele ya basi la petroli lililojaa watu. Walimpungia mikono. Usiku ule Saleha hakusimuliwa kitu.

Bwana Idarusi alichoka. Akamwita Manase mpaka Pangani, akawasimamisha wote wawili mbele ya ghala la mbata. Uweso akampa shikamoo ya unyenyekevu ambayo hakumpa mtu mwingine duniani.

"Marahaba. Leo napanda mwenyewe," akasema Bwana Idarusi. "Kama kosa ni la pampu, Manase, hutagusa tena gari langu hata moja, na malori nitayatoa kwako. Kama kosa ni la dereva, Uweso, ufunguo utaniachia pale pale litakaposimama."

Uweso aliufurahia mpango huo hata akasahau kuficha meno. Akaamuru tangi lijazwe mpaka lifurike, ili gari ligome upesi na Bwana aone kwa macho yake. Akakikaza kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini huyu wa Pangani alikuwa amelikalia na kulipapasa, na bado hakuliona.

Wakaondoka. Bwana Idarusi alikaa mbele na tasbihi yake, Manase nyuma, magoti yamefika kidevuni. Walipita Boza, wakapita minazi, wakaingia kwenye mkonge. Kabla ya Kigombe injini ikaanza kunung'unika. Uweso akakanyaga mafuta mpaka chini, gari likazidi kulegea.

"Umeona, Bwana?" akasema kwa furaha. "Pampu hiyo!"

"Usizime," akasema Manase. "Acha iungurume hivyo hivyo."

Akashuka, akafunua boneti, akalegeza skrubu juu ya chujio. Pale mafuta yalipaswa kutoka kwa nguvu. Hayakutoka.

"Bwana Idarusi, njoo uone. Mafuta hayafiki hapa. Pampu itasukuma nini, mate? Kosa liko nyuma."

Akakaza skrubu, akaenda kwenye tangi, akashika kifuniko. Hakikufunguka. Akakishika kwa mikono miwili, akakizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kilipoachia, tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kila mmoja akaisikia. Baada ya muda mdogo injini ikatulia, ikaanza kunguruma sawasawa. Wakaenda na kifuniko kikiwa wazi mpaka wakaivuka Kigombe, gari likapanda kila kilima kwa nguvu. Wakakifunga, na mbele kidogo likalegea tena. Wakakifungua, likafufuka.

Hapo ndipo Uweso alipokumbuka kile kitundu. Alisimama kando ya gari akiyatazama makonge.

Manase akachokonoa kifuniko kwa msumari. Ikatoka pamba nyeusi, ngumu, ndefu kuliko mtu angetegemea.

"Kumbe ni taka," akasema Bwana Idarusi, ambaye jua lilikuwa linamchoma na Tanga alikuwa na watu wanamngoja. "Vumbi na mafuta yamegandana humo. Basi, si pampu wala si dereva. Alhamdulillahi. Hebu twende."

Ilikuwa imekwisha. Uweso alikuwa ameokoka, ufunguo ni wake, na alichotakiwa kufanya ni kuingia garini na kufunga mdomo. Hata mjinga wa kawaida angeliweza hilo.

Lakini Manase aliigeuza ile pamba kiganjani, akakunja pua.

"Hii si taka iliyokuja yenyewe," akasema. "Kuna mtu kaisokota. Tazama kazi yenyewe, mlevi gani kafanya hivi? Tambara limesukumwasukumwa tu. Mke wangu anaziba chungu cha pombe vizuri zaidi."

Akaitupa vumbini, akaikanyaga.

Uweso angeweza kuvumilia kuitwa mwizi. Angevumilia hata kuitwa dereva wa petroli.

"Tambara?" akapiga kelele. "Hiyo ni kalafati, ewe mshenzi wa mlimani! Pamba imechambuliwa nyuzi kwa nyuzi, imelowekwa mafuta ya papa, imesindiliwa kwa chembeu tabaka tatu! Ukiishusha baharini humo maji hayaingii mpaka Kiyama! Wewe unajua nini? Nani Tanga nzima anaweza kazi hiyo zaidi yangu?"

Manase alicheka kwanza puani, kisha akaacha, maana Bwana Idarusi hakucheka. Aliinama polepole, akaiokota ile pamba, akaipangusa vumbi, akaibana kwa vidole. Yeye ni mtu wa Pangani, vyombo vyote vya mzee wake vilipita mikononi mwa babu yake Uweso. Akainusa.

"Hakuna zaidi yako," akasema. "Kweli. Nipe ufunguo."

Uweso alichomoa ufunguo, injini ikanyamaza. Alimkabidhi Bwana kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Manase akaupokea kwa Bwana, akajibanza nyuma ya usukani, akasogeza kiti.

"Lakini umeiona, Bwana," Uweso akasema akiwa ameshika dirisha. "Imeshika. Haikushika?"

"Imeshika, Uweso," akasema Bwana Idarusi, akapandisha kioo.

Gari likaondoka kwa nguvu zake zote, likamwacha kati ya makonge, na halikukohoa hata mara moja mpaka Tanga.