Kama Unapokea Kitu kwa Mkubwa

Kila mwaka kabla ya mashindano, Sista mkuu wa shule yenye bwawa hunipigia simu na kuniambia nije semina, sheria za kuogelea zimebadilika. Nimechoka na sheria zinazobadilika. Maji ni yaleyale, ukuta wa bwawa uko palepale, watoto wana mikono miwili kama zamani, lakini sheria lazima zibadilike. Mimi ni muuza mbegu na dawa za mifugo hapa Nangwa. Shida yangu ni kwamba nilikulia karibu na ziwa Basotu, najua kuogelea, na siku niliyompeleka binti yangu kwenye shule ile nilimsikia Sista akitafuta watu wa kujitolea kuamua mashindano. Nikafungua mdomo. Binti alishamaliza shule zamani, mimi bado naitwa.

Bwawa lenyewe liko juu, upande wa Mbulu, mahali ambapo asubuhi unavaa masweta mawili. Maji yake ni baridi ya kuuma meno. Mtoto akiruka humo, kwanza anapiga kelele, ndipo anaanza kuogelea.

Mwalimu wa semina hutoka Arusha. Ni kijana mwenye adabu, akiniona tu ananiambia shikamoo mama, naitikia marahaba, na hapo ndipo maelewano yetu yanapoishia. Mwaka mmoja alitufundisha kwamba mwamuzi akiona kosa anyooshe mkono papo hapo. Mwaka uliofuata akasema hapana, subiri mtoto amalize. Mwaka huu ninaousimulia tukarudi kwenye papo hapo. Nikamuuliza kama huko wanakotunga sheria hizo wana kazi nyingine ya kufanya. Akacheka, akafungua ukurasa mwingine kwenye kompyuta yake.

Jambo kubwa la mwaka ule lilikuwa mtindo wa chura. Mtoto akifika ukutani, pale pa kugeukia na pale pa kumalizia, lazima aguse kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, tena mikono iwe imeachana, usiwepo mmoja juu ya mwingine. Akigusa kwa mmoja, anatolewa. Jambo la pili, mwamuzi aliyevaa fulana nyeupe haruhusiwi kuzungumza na kiongozi wa timu mpaka mashindano yaishe. Jambo la tatu, kiongozi wa timu asiporidhika anaweza kukata rufaa, ila afanye hivyo kabla mbio zinazofuata hazijaanza. Hili la tatu alilifundisha baada ya chakula, viongozi wa timu wakiwa wamesinzia vizuri kwenye viti.

Aliyelala kuliko wote ni Katekista. Huyu ndiye huwaleta watoto wa bondeni, wa jamii za wafugaji, na ni mtu mwema kabisa, hana baya na mtu. Lakini anapenda kusema. Asubuhi, kabla ya usingizi, mwalimu wa semina alikuwa ameuliza watoto wataelezwaje hii habari ya mikono miwili. Katekista akasimama, akarekebisha koti.

"Mwalimu, mtoto wa huku ukimsomea sheria hakusikii," akasema. "Mwambie aguse ukuta kama anapokea kitu kwa mkubwa. Basi, umemaliza."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa semina akafurahi mpaka nikamwonea huruma. Akasema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta miaka yote, akamwomba Sista maneno yale yaandikwe bwawani.

Mimi nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nyumba hazifanani. Sisi tunapokea kwa viganja viwili vimekutanishwa, na kwa sheria yako hata hivyo ni kosa. Wengine wanapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko. Hiyo nayo ni heshima."

"Mama, heshima ni heshima," akanijibu, kwa upole wote. "Mtoto ataelewa."

Nikataka kuendelea, lakini sufuria za pilau zilikuwa zinaingia mlangoni na hakuna aliyekuwa ananisikiliza tena. Nikakaa. Siku ya mashindano nikakuta ukuta ulio juu ya mistari ya kuogelea umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za tangazo la mnada: GUSA UKUTA KAMA UNAPOKEA KITU KWA MKUBWA. Nilipoziona nilihisi kichwa kinaanza kuniuma.

Sasa niseme habari ya msichana. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mrefu, ametoka tambarare za huko Basotu. Alijifunza kuogelea akipeleka ndama kunywa maji, kama nilivyojifunza mimi. Alikuja na bibi yake, mama mzee mwenye blanketi na bangili za shaba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Nilimwamkia kule kwenye majani walikokaa wazazi, kabla sijavaa fulana, akanieleza mambo yote kwa maneno machache. Sista alikuwa ameahidi kwamba msichana wa darasa la saba atakayeshinda mtindo wa chura atapokelewa kidato cha kwanza pale shuleni, alale hapo, ale hapo, bila ada. Shule ya kata kwao ipo, lakini ni mbali, na baba alishasema binti yake hatatembea pori lote lile asubuhi na jioni. Asipopata bweni, atabaki na ndama.

"Leo ndiyo leo," bibi akaniambia, akaangalia maji kama anayemwangalia ng'ombe wa mtu mwingine.

Nilipangiwa upande wa kugeukia, na katika mistari yangu ulikuwemo wa yule msichana. Filimbi ikalia. Alipotoka tu nikajua hakuna wa kumfikia. Wenzake walikuwa wanapigana na baridi, yeye alikuwa anakwenda. Nikainama ukingoni kama tulivyofundishwa, macho kwenye ukuta, na moyoni nilikuwa nafurahi, sitaki kusema uongo.

Akafika. Akainua kichwa kuvuta pumzi, akaniona nimeinama juu yake, mtu mzima mwenye mvi. Macho akayashusha kwa adabu. Mkono wa kulia ukagusa ukuta, na wa kushoto, wakati uleule, ukashika kiwiko cha kulia. Ilikuwa heshima kamili, bibi yake asingepata pa kumsahihisha. Kisha akageuka akaondoka, akamaliza wa kwanza, wenzake wakiwa bado katikati ya bwawa.

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda. Papo hapo, kama sheria ya mwaka huo.

Mwalimu wa semina ndiye alikuwa mwamuzi mkuu. Akaja na filimbi yake shingoni, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia: amegusa kwa mkono mmoja. Nikamwambia pia mkono mwingine ulikuwa wapi, nikamwonyesha ukuta wenye herufi nyekundu. Akauangalia. Akasema, "Mama, sheria inaangalia mikono, haiangalii maandishi." Akaenda kutangaza kwamba msichana ametolewa.

Nilisimama pale na hasira yangu. Nilimkasirikia mwalimu, nikamkasirikia Sista na rangi yake, nikayakasirikia makofi ya semina. Aliyeniudhi zaidi alikuwa Katekista, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa timu ya yule mtoto, yeye peke yake aliyeweza kukata rufaa, na alikuwa kwenye foleni ya chai. Mtoto wake ametolewa, yeye anachagua andazi. Nilimkodolea macho kutoka ng'ambo ya bwawa. Akanipungia mkono.

Na mimi siruhusiwi kumsemesha, nina fulana nyeupe. Watoto wa mbio zinazofuata walikuwa wameshaanza kuvua masweta.

Basi nikaivua. Nilikuwa nimeivaa juu ya gauni, nikaivua mbele ya wazazi wote, nikamkabidhi Sista mkuu mkononi. Akaniuliza, "Mama, unafanya nini?" Nikamjibu, "Sista, mimi sasa ni mtazamaji." Nikazunguka bwawa karibu kwa kukimbia, nikamfikia Katekista.

"Weka andazi chini," nikamwambia. "Nenda ukate rufaa, sasa hivi, kabla hawajapiga filimbi."

"Rufaa ipi?"

"Uliyofundishwa ukiwa umelala."

Akaenda, Mungu ambariki, akaenda haraka. Lakini badala ya kusema kwamba mtoto alifuata agizo lililoandikwa na wenye bwawa, akaanza kumhutubia mwalimu juu ya heshima za makabila, na malezi, na vijana wa siku hizi. Ilibidi nimkatize, niyaseme mwenyewe. Mwalimu wa semina alisikiliza yote. Alimwita msichana, akamnyooshea filimbi yake. "Pokea." Msichana akaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, na magoti akayakunja kidogo. Alikuwa anatiririka maji na midomo imekuwa ya kijivu.

Kijana wa watu alipoona vile alibadilika uso. Nilidhani tumeshinda. Akasema anaomba radhi, maneno yale yatafutwa leo hii, na kwamba rufaa imekataliwa, kwa sababu akimpa huyu ushindi kwa mkono mmoja, aliyemfuata ambaye amegusa kwa miwili atamwambia nini. Kilichoniuma roho kuliko yote ni kwamba alikuwa sahihi. Nilitamani awe mjinga ili nimtukane vizuri.

Nafasi ikachukuliwa na msichana wa pili, mtoto wa watu wa Katesh, naye alikuwa analia kwa furaha, hana kosa lolote.

Nilimfuata yule wangu kwenye majani. Nikampokea bibi yake kazi ya kumfuta, nikampa msichana sweta langu. Akalipokea vilevile, kulia na kiwiko. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Wewe, ng'ombe akikwama kwenye tope, unamsukuma kwa mkono mmoja?"

"Hapana, mama. Kwa miwili."

"Imekaa pamoja, au imeachana?"

"Imeachana. La sivyo unateleza."

"Basi ndivyo walivyotaka uguse ukuta."

Akafikiri, meno yakigongana. "Mngesema hivyo," akasema, kwa sauti ya chini, bila ukali wowote. Bibi akauliza amesema nini, akatafsiriwa, akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akaanza kufunga mzigo wao.

Ninaishi karibu na shule ya kata ya hapa Nangwa. Kutoka mlangoni kwangu kengele inasikika. Binti yangu ameolewa, chumba chake kina magunia ya mbegu na panya. Haya yote niliyajua tangu asubuhi, lakini nilikuja kuyatamka wakati bibi alipokuwa anajitupia mzigo mgongoni, tena niliyatamka kwa ukali, kama mtu anayegombana, kwa sababu hasira ilikuwa bado haijaniisha. Nikamwambia akamwambie baba wa mtoto kwamba pori halipo, bweni ni kwangu, na kama ana neno aje anione dukani. Baba alikuja. Alikaa nje kwenye benchi karibu asubuhi nzima, akaangalia barabara, akaangalia shule, akanunua dawa ya minyoo ya mbuzi. Januari msichana akaja na sanduku.

Sasa yuko kidato cha pili. Anakula sana, anasoma kwa sauti, magunia ya mbegu yamehamia sebuleni na mimi naruka juu yake nikienda kulala. Bwawani hajarudi, na sijamuuliza. Simu ya Sista imeshapigwa mwaka huu pia, kuna mabadiliko mapya, fulana yangu imefuliwa inanisubiri. Nimesema nitafikiria, na Sista anajua kwamba nitakwenda.

Ila kuna jambo moja linanisumbua. Kila asubuhi nampa kikombe cha uji, na kila asubuhi anakipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, na mkono wangu mimi unaanza kupanda wenyewe kabla sijaukumbuka. Juzi kikombe kilikuwa cha moto na kimejaa pomoni, nikamfokea.

"Mikono miwili, utamwaga."

Akakunja magoti kidogo, akakishika vilevile kwa mkono mmoja, hakumwaga hata tone.

"Hapa si bwawani, mama," akasema, akaenda kukaa.